Siku Niliyoliliwa Nikiwa Mzima

Nianze na aibu yenyewe ili tusizunguke. Mimi ndiye yule Mwita wa Nkende aliyefufuka mbele ya mama mkwe wake, kichwani ana bandeji, mguuni kafungwa vibao, na katikati ya hapo hana kitu. Najua mmeshaisikia, maana kutoka Tarime mpaka Mugumu hakuna kilabu cha pombe ambako haijasimuliwa, na kila ikisimuliwa inaongezwa chumvi (kuna jamaa mmoja wa Sirari anaapa kwamba nilikuwa nimeshashushwa kaburini, mwongo mkubwa yule, hata kaburi lenyewe halikuwa limechimbwa), kwa hiyo leo nimeona bora niwaambie mwenyewe, polepole, jinsi ilivyokuwa.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewapagawisha watu pale Kewanja. Nasema kabla ya uzio na mitambo mikubwa, wakati mtu yeyote mwenye nyundo, tindo na moyo mgumu aliweza kushuka ardhini kutafuta bahati yake. Walimu waliacha chaki, wavuvi wakaacha nyavu, na mimi nikaacha genge langu la nyanya na vitunguu hapo Nkende, Tarime mjini, nikaenda kuchimba na rafiki yangu Otieno, Mjaluo wa Shirati ambaye alikuwa anacheka kila kitu, hata njaa. Mke wangu Ghati nilimwacha mjini kwa mama yake, kwa sababu alikuwa na mimba ya kwanza na imeshakuwa kubwa, na sisi machimboni tulikuwa tunalala kwenye vibanda vya nailoni, si mahali pa kumweka mwanamke wa hali ile.

Sasa yale mashimo, sisi tunayaita maduara, yalikuwa yanaanguka. Hatukuwa na utaalamu wa kuyawekea miti ya kuzuia udongo, tulichimba tu kama panya, na mvua ikinyesha usiku, asubuhi unashuka huku unasali. Aliyeumia tulimkimbiza hospitali ya misheni, ile iliyokuwa juu ya kilima upande wa Serengeti, mwendo wa saa nzima na kitu kwa gari kama njia ni kavu. Hospitali ile haikuwa ya mtu kutafutia faida. Ilikuwa na chuo cha wauguzi humohumo, wanafunzi wamevaa magauni meupe yaliyopigwa pasi mpaka yanakata, na kwenye benchi la kusubiri utamkuta mama wa Kiikoma aliyekanyagwa na nyati shambani kwake, pembeni yake mfanyabiashara wa Kiislamu wa Mugumu na kikohozi chake, halafu Mkurya aliyepigwa panga na Mkurya aliyempiga, wote wanasubiri kuitwa. Hakuna aliyeulizwa ukoo wake.

Siku moja duara la jirani zetu likaanguka na kumfunika kijana aliyeitwa Nyamhanga. Tulimtoa akiwa anaongea. Nakumbuka aliomba maji, akauliza viatu vyake viko wapi. Tukambeba, huyu kashika mikono, yule kashika miguu, kichwa kinaning'inia, tukamrusha nyuma ya pikapu juu ya magunia ya mawe, dereva akakanyaga mafuta. Alipofika hospitali alikuwa ameshakufa.

Wiki iliyofuata akaja mwalimu wa chuo cha wauguzi, Sista Yustina, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole ambayo hata hivyo sijawahi kumwona mtu akiipinga. Akatukusanya pale tunapopondea mawe, akasimama juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Ndugu zangu," akasema, "sikuja kumlaumu mtu. Lakini yule kijana hakuuawa na jiwe. Shingo yake ilikuwa na ufa, ikamalizikia njiani kwa namna alivyobebwa. Hili tunaweza kufundishana."

Otieno, yeye anayecheka kila kitu, alikuwa anaangalia chini.

Sista akaeleza mpango wake. Watafanya zoezi. Mtu mmoja atajifanya kaangukiwa na duara, wachimbaji wataonyeshwa jinsi ya kumtoa na kumfunga kwenye ubao, kisha gari la hospitali litampeleka mpaka kilimani, na kule wanafunzi watampokea kama mgonjwa wa kweli, ili nao wajifunze. Akauliza nani atakubali kuwa huyo mtu. Kwetu kulala chini ukajifanya maiti si mchezo, watu wanaona ni kujiitia mkosi. Lakini nyuma ya Sista walikuwa wamesimama wanafunzi wake, nadhifu, wanatuangalia, na mimi (nina udhaifu huu tangu shule ya msingi, mbele ya watu mkono wangu unanyanyuka wenyewe) nikasema, "Mimi hapa."

"Mura, utaweza kunyamaza saa nzima?" Otieno akaniuliza pembeni, akiniita kijana kwa Kikurya chetu.

"Utaniona."

Basi siku yenyewe ikafika. Nilivaa suruali yangu ya harusi, ya rangi ya kahawia, maana nilijua nakwenda kuonwa na wasomi. Sista akaja na chupa ya sharubati nyekundu, akasema watanipaka kichwani na mguuni ionekane ni damu. Nikaiangalia ile sharubati. Ilikuwa na rangi ya pipi. Nikajiuliza, hawa wachimbaji ambao wameona damu ya kweli watamwogopa mtu aliyepakwa sharubati? Nikamwambia Sista nakwenda haja ndogo, nikakimbia mpaka kwa mchinjaji, nikamwomba anikingie damu ya mbuzi aliyekuwa ndiyo kwanza amemchinja. Kopo moja tu. Jamani, mambo yote yaliyofuata yalitoka kwenye kopo lile.

Nilijimwagia kichwani, shingoni, nikapaka mguu, nyingine ikaingia masikioni. Niliporudi mwanafunzi mmoja alipiga kelele na Sista mwenyewe akashika kifua.

"Mwita, nini hiki?"

"Ni ya mbuzi, Sista. Ili tuone ukweli."

Akaniangalia, nadhani alitaka kunituma nikaoge, lakini maji pale yalikuwa shida na watu walikuwa wameshakusanyika. Akashusha pumzi. "Haya. Ila sikiliza. Ukishakuwa mgonjwa, wewe ni mgonjwa mpaka mimi niseme basi. Usicheke, usijikune, usimwamkie mtu."

Zoezi la shimoni lilikwenda vizuri mno, siwezi kudanganya. Wanaume waliokuwa wananibeba kama gunia wakaambiwa hapana, mmoja ashike kichwa tu, asikiachie hata akiumwa na siafu. Wakanilaza kwenye ubao, wakanifunga kwa vitenge, wakanipandisha taratibu kama yai. Mimi nalalamika vizuri kabisa, "uuuwi mama, mguu wangu," mpaka wazee wawili waliokuwa wamekuja kutazama wakafuta machozi ingawa walijua ni mazoezi. Nikasikia raha, jamani. Nikajiona nina kipaji.

Wakaniingiza kwenye Landrova ya hospitali. Sista akakaa mbele na dereva, na nyuma nikabaki na mwanafunzi aliyeitwa Neema, binti wa Robanda, kazi yake kunishikilia kichwa njia nzima. Otieno alibaki kulinda duara letu. Kumbukeni kulikuwa hakuna simu.

Tulipofika penye mnada wa ng'ombe, gari likakwama katikati ya mifugo. Dereva anapiga honi, Sista ametoa kichwa dirishani anawaomba wachungaji wafungue njia, ng'ombe wanalia, vumbi limetanda, na nzi wote wa mnada ule wakapata habari za damu ya mbuzi wakaja kunisalimia. Watu nao wakaja. Wakaweka nyuso kwenye vioo.

"Huyu si Mwita?" nikasikia sauti ya mwanaume. "Mkwe wa Mama Ghati wa pale Nkende?"

"Ndiye. Mungu wangu, angalia kichwa kile."

Neema akawaambia, "Ni mazoezi, ni mazoezi jamani," lakini kwa kelele zile nadhani hata ng'ombe hawakumsikia. Hapo, wenzangu, ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Ningefumbua jicho moja tu yangekwisha. Na nilitaka, naapa, jicho lilikuwa limeshaanza kutikisika. Lakini akaja mama mmoja, simjui mpaka leo, akasema kwa huzuni, "Masikini, kijana mzuri, alikuwa ananiuzia nyanya, hakupunja hata siku moja." Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu ambaye hanihitaji kwa lolote. Nikaona aibu kumkatiza. Badala ya kulifumbua jicho vizuri nikaliachia ufa tu, nikaligeuza likabaki jeupe, nikauachia mdomo wazi, na ulimi nikautoa kidogo pembeni.

"Kaka," Neema akaninong'oneza, "usizidishe."

Nilizidisha. Nzi mmoja aliingia mdomoni nikamvumilia. Njia ikafunguka, tukaondoka, na nyuma yetu yule mwanaume aliyenitambua akapanda lori la mahindi lililokuwa linakwenda Tarime.

Hospitalini wanafunzi walikuwa wamejipanga. Wakanipokea, wakapima mapigo, wakaangalia macho, kisha msichana mmoja akaja na mkasi mkubwa. Nikahisi ubaridi wa chuma kwenye kifundo cha mguu.

"Sista!" nikasema. "Suruali!"

"Mgonjwa aliyepoteza fahamu haongei," Sista akajibu bila kugeuka, akawaeleza wanafunzi wake kwamba mguu uliovunjika hauvuliwi nguo kwa kuvutwa, nguo inakatwa. Ikakatwa. Nilisikia suruali yangu ya harusi ikifunguka kutoka chini mpaka kiunoni, krrrr, mguu wa kulia, halafu na wa kushoto ili kulinganisha. Shati pia. Na chupi, kwa vile ilikuwa imelowa damu ya mbuzi, ikafuata mkumbo. Wakanifunika shuka, wakanifunga bandeji kichwani na vibao mguuni, daktari akaja akakagua akasema kazi nzuri, na mwisho Sista akasema ile "basi" yake na wote wakapiga makofi. Nikanywa chai na mkate. Nilikuwa mtu mwenye furaha.

Tabu ilikuwa moja tu: nguo. Kulikuwa na sanduku la nguo za msaada stoo, lakini mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula. Landrova nayo ikaitwa kumfuata mama mwenye uchungu kijijini, kwa hiyo kurudi Kewanja ningesubiri. Na wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa hawajaona vile vibao vya mguu, Sista akaniomba nisivitoe kwanza. Wakanisogeza na kitanda changu cha magurudumu mpaka kwenye baraza la nyuma, kivulini, pametulia. Nzi wakanifuata. Nikajifunika shuka gubigubi, kichwa na vyote, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi nzuri.

Yaliyokuwa yanatokea Nkende wakati huo niliyajua baadaye. Lori lilifika, yule bwana akashuka akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe wangu, akasema, "Mwita amekufa, nimemwona kwa macho yangu, ulimi uko nje." Mama mkwe hakupiga kelele, wanasema alikaa chini mlangoni akavua viatu. Ghati ndiye aliyepiga yowe. Majirani wakajaa. Mzee Shabani, fundi seremala wa mtaa, mtu wa asili ya pwani ambaye babu yake alihamia Tarime na biashara ya nguo, akatafuta gari la kukodi, akachukua na futi yake ya kupimia, kwa sababu ni mtu wa kufikiria mbele. Wajomba wa Ghati wakapanda. Ghati akakatazwa kwa hali yake, akasema kama hawampandishi atakwenda kwa miguu. Wakampandisha. Walipofika hospitali hawakumuuliza mtu, walizunguka nyuma kutafuta chumba cha maiti, wakakuta barazani mtu kafunikwa gubigubi, nzi wamemjaa.

Mimi niliamshwa na kilio. Kwanza nilidhani naota. Niko gizani chini ya shuka, nasikia wanawake wanalia, nikajisemea moyoni, masikini, kuna watu wamefiwa hapa. Nikawaonea huruma. Nikatulia nisiwasumbue. Halafu nikahisi kitu chembamba kinapitishwa kutoka utosini kwangu mpaka unyayoni, na sauti ya mzee ikasema polepole, "Alikuwa mrefu kuliko nilivyomkumbuka."

Ile sauti naijua. Ni sauti ya mzee ambaye tangu mtoto napita mbele ya karakana yake kila asubuhi, na mdomo wangu una mazoea yake. Chini ya shuka nikasema:

"Shikamoo, Mzee Shabani."

"Marahaba," akajibu. Naye mdomo wake una mazoea yake.

Kisha nikasikia futi inaanguka sakafuni na mzee wa watu anaita jina la Mungu kwa Kiarabu huku anarudi kinyumenyume. Nikakaa. Kukaa tu kungetosha, lakini nilitaka kuwaeleza, na mimi nikieleza jambo nasimama, kwa hiyo nikashusha miguu, nikasahau vibao, mguu ukanasa kwenye shuka, shuka likabaki kitandani na mimi nikasimama katikati ya baraza vile nilivyozaliwa, nimefungwa bandeji kichwani, mikono nimeinua juu nasema, "Ni mazoezi! Jamani, ni mazoezi!"

Aliyekuwa mbele yangu kabisa, karibu hata ningeweza kumgusa, ni mama mkwe.

Mnaotoka kwetu sihitaji kuwaeleza. Kwa wengine niseme tu kwamba mimi na mama yule tulikuwa hatupeani hata mkono, tukikutana njiani mmoja anaacha njia, chakula hatukuwahi kula chumba kimoja. Alifunika uso kwa kanga yake yote, akageukia ukuta, akabaki hivyo. Wajomba wengine walikuwa wameshafika getini kwa mbio. Mjomba mmoja mzito alijificha nyuma ya pipa la maji.

Ghati peke yake hakukimbia. Alinitazama kuanzia bandeji mpaka vibao, akaja taratibu na tumbo lake, akanizaba kofi. Halafu akashika ukingo wa kitanda, akainama, na nikaona maji yanashuka miguuni mwake yanaenea kwenye sakafu.

"Mwita," akasema, kwa sauti ndogo. Kofi lile lilikuwa limekwisha kabisa ndani ya sauti yake.

Sijui Sista alitokea wapi. Kitanda changu kikawa chake, shuka langu likawa lake, na wanafunzi walewale waliokuwa wananichezea asubuhi wakamsukuma ndani bila kupiga kelele, kila mmoja anajua anashika wapi. Mimi nikabaki nimesimama mpaka Neema alipopita akanirushia taulo.

Daktari alitoka baada ya muda mfupi. Alisema mtoto amekingama tumboni, hawezi kutoka kwa njia ya kawaida, lazima afanyiwe upasuaji, na Ghati ana upungufu wa damu. Akauliza ndugu waliopo. Wajomba walikuwa wamesharudi kutoka getini mmoja mmoja wakiwa wanaona haya. Watu waliokuja kuchukua maiti wakakunja mikono ya mashati, wakapanga foleni ya maabara, wakapimwa, na yule mzito wa nyuma ya pipa ndiye damu yake ilikubali kwanza.

Na mimi nikaenda. Ningekosaje? Nikakaa kwenye kiti, nikatoa mkono, na mimi niliyeogelea katika damu ya mbuzi tangu asubuhi, nilipoiona yangu ikipanda kwenye mrija, dunia ikageuka nikaanguka chini na kiti changu. Nasikia kwa mbali wanafunzi wanacheka.

"Kaka Mwita, amka, zoezi limekwisha."

"Anajua kuigiza huyu!"

Ni Neema aliyeinama akanishika shingo, akasema, "Acheni, huyu amezimia kweli." Nilipozinduka waliniambia damu yangu haitahitajika, nikapumzike. Hawakusema kwa ubaya lakini nililia.

Kisha tukasubiri. Mwenye ufunguo wa stoo alikuwa amerudi, nikapewa suruali ya msaada iliyoniishia chini ya goti, ya mtu mfupi sana wa nchi yoyote ile aliyotoka. Mama mkwe alikaa mwisho wa baraza amegeukia bustani. Mzee Shabani alikaa katikati yetu. Nilikuwa natembea, nakwenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, narudi.

"Shabani," mama mkwe akasema, mimi namsikia vizuri kabisa, "mwambie mkwe wangu akae chini. Anatutia kizunguzungu."

"Mwita, mama anasema ukae."

Nikakaa. Jua likawa linateremka upande wa mbugani. Mwanafunzi mmoja alipita na ndoo na hakutuangalia, na kutotuangalia kule kulinitisha kuliko kitu chochote siku ile.

"Shabani," akasema tena. "Mwambie, Ghati akitoka humo mzima, nimemsamehe. Asipotoka, basi afadhali ningemkuta yeye amekufa."

Mzee Shabani akanigeukia. Akanishika goti tu. "Umesikia," akasema.

"Nimesikia, Mzee. Mwambie mama ana haki."

Mtoto alilia kabla giza halijaingia. Ni wa kike. Ghati yeye walichelewa kumtoa, damu ilikuwa haikatiki upesi, na niliona chupa ya yule mjomba mzito ikiingizwa, kisha ya mwingine. Sista alipotoka alikuwa amelowa jasho, kofia imekaa upande. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe, akapiga magoti mbele yake, akamwambia, "Mama, binti yako yuko salama."

Daktari alisema baadaye kwamba kwa mtoto aliyelala vile, kama uchungu ungemkuta Nkende kwa mkunga wa mtaani, tungewaleta wote wawili tumechelewa. Watu wengine wananiambia, basi unaona, Mwita, ujinga wako ulimwokoa. Mimi sikubali maneno hayo. Mtu aliyemfanya mke wake alie njia nzima kutoka Tarime kwenye gari la mizigo hana la kujisifia, ana la kushukuru tu.

Waliponiruhusu kuingia Ghati alikuwa na midomo mikavu, mtoto kalazwa ubavuni. Akafungua macho.

"Uko hai?"

"Niko hai."

"Basi nenda ukanitafutie uji. Nisikuone kwanza."

Nikaenda kutafuta uji.

Mambo ya mama mkwe yalisuluhishwa na wazee wa pande zote mbili. Nilipeleka blanketi zito na beberu, na yeye akapokea akiwa amenipa mgongo, na tangu hapo tukaishi vizuri, yaani kwa kukwepana. Mtoto tulimwita Yustina, ingawa mtaani wote walimwita Mazoezi, na anaitika yote mawili. Mvua za mwaka uliofuata Otieno aliangukiwa na jiwe tukiwa wote chini. Wanaume wa Kewanja walimshika kichwa bila kukiachia, wakamlaza kwenye ubao, wakamfunga kwa vitenge, wakamwendesha taratibu mpaka kilimani, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kichwa. Sasa hivi yuko Shirati, anavua, anachechemea, anacheka kila kitu.

Sista alifanya mazoezi mengine mengi katika machimbo yale, na kila mara aliniita. Nilikwenda, lakini sikulala tena kwenye ubao. Kazi yangu ilikuwa kutangulia na baiskeli, kila mnada, kila kilabu, kila njia panda, napiga kelele kwamba anayekuja nyuma ni mzima, msimlilie. Nimeapa, sitakufa tena isipokuwa ile mara moja ya kweli. Nilimweleza Ghati kiapo changu hicho, akanisikiliza mpaka mwisho huku anashona, akasema ni sawa, ila siku hiyo ikifika watu wote watoke nje kwanza, yeye atanichoma unyayo na sindano, kwa nguvu, na nisiposhtuka ndipo ataanza kulia.